Kilomita 130 kwa saa au mwendo huru: mzozo wa Barabara Kuu ya Stuart

Jioni moja nikiwa abiria kaskazini mwa Ti Tree, katikati kabisa ya Australia, tulilifikia lori lililokuwa likienda njia yetu. Neno "lori" ni dogo kwa kitu kile. Wenyeji wanaliita treni ya barabarani: kichwa kimoja kinavuta matrela matatu, urefu wote unafika mita 53.5, magurudumu zaidi ya sitini, na vumbi jekundu linanyanyuka kila tairi la pembeni linapogusa ukingo wa lami. Dereva wetu alikaa nyuma yake dakika kadhaa akichungulia. Trela la mwisho lilikuwa linayumba taratibu, kushoto, kulia, kama mkia wa ng'ombe anayefukuza nzi. Kisha akatoka, akaingia upande wa pili wa barabara, na mimi nikaanza kuhesabu moyoni. Nilifika kumi na nne kabla hatujarudi upande wetu.

Sekunde kumi na nne ni nyingi sana ukiwa kwenye njia ya magari yanayokuja. Sisi tulikuwa tunakwenda kilomita 130 kwa saa, mwisho unaoruhusiwa na sheria. Lori lilikuwa kwenye 100, mwisho wake. Kwa tofauti hiyo ndogo, kulipita kulitugharimu kama nusu kilomita ya lami upande usio wetu. Dereva alipotulia akasema, "Zamani hapa ungempita kwa 180, ukamaliza." Kauli hiyo haikuniacha. Ndani yake mna hoja ya kweli na mna kosa, na vyote viwili vimeitikisa kwa muda mrefu siasa ya Northern Territory, eneo la kaskazini na katikati ya Australia lenye serikali yake.

Kisa chenyewe ni hiki. Hadi mwisho wa mwaka 2006, ukishatoka mjini katika Northern Territory hapakuwa na kikomo cha mwendo. Tarehe 1 Januari 2007 serikali ya Waziri Kiongozi Clare Martin iliweka kikomo cha kilomita 130 kwa saa kwenye barabara kuu nne, Stuart ikiwa mojawapo. Februari 2014, chama kingine kikiwa madarakani chini ya Adam Giles, mwendo huru ulirudishwa kwa majaribio katika kipande cha kilomita mia mbili na kidogo kati ya Alice Springs na Barrow Creek, na baadaye kipande hicho kikarefushwa. Novemba 2016, miezi mitatu baada ya uchaguzi, serikali mpya ya Michael Gunner ikarudisha 130. Lami ileile, katika miaka kumi, ilibadilishiwa sheria mara tatu.

Ukiuangalia mzozo huu kwa juu juu utaona namba mbili zinagombana. Lakini kwa nini watu waligombana kwa ukali hivyo kuhusu barabara hii hasa, hilo huwezi kulielewa bila kujua inapita wapi na ilifikaje pale.

Barabara Kuu ya Stuart inalikata bara zima kutoka kaskazini hadi kusini: Darwin kwenye bahari ya joto, Katherine, Mataranka, Daly Waters, Tennant Creek, Alice Springs, kisha inavuka mpaka na kuingia South Australia, inapita Coober Pedy ambako watu huishi chini ya ardhi kukwepa joto na kuchimba madini ya opali, hadi Port Augusta kwenye ghuba. Ni zaidi ya kilomita 2,700. Kutoka Darwin hadi Alice Springs peke yake ni kama kilomita 1,500, na katikati yake mji unaoweza kuuita mji ni Katherine na Tennant Creek basi. Kwingine ni vituo vya njiani: pampu za mafuta, jiko, vyumba vichache vya kulala, na baada ya hapo nyika tena.

Jina limetoka kwa John McDouall Stuart, Mskochi aliyejaribu mara kadhaa kulivuka bara hili kwa farasi. Tarehe 26 Juni 1860 alikuwa na wenzake wawili kwenye kijito kilichopo kaskazini mwa Tennant Creek ya leo. Wawarumungu, wenye nchi ile, waliwazuia. Stuart aligeuza, na kijito kikaitwa Attack Creek kwenye ramani, yaani Kijito cha Shambulio, kana kwamba mwenye nyumba akimzuia mgeni mlangoni huwa ndiye mvamizi. Alirudi tena na tena, na tarehe 24 Julai 1862 akaigusa bahari mashariki ya mahali ilipo Darwin. Wakati wa kurudi alikuwa karibu kipofu, mgonjwa kiasi cha kubebwa kwenye machela kati ya farasi wawili. Miaka minne baadaye alifariki London.

Alichokuwa akikitafuta njiani kilikuwa maji. Kila kisima, kila chemchemi aliyoiandika ilikuwa tayari mahali pa mtu fulani, na njia ya kutoka maji haya hadi maji yale ilikuwa imeshakanyagwa na miguu ya watu kwa vizazi visivyohesabika. Simu ya waya (telegrafu) iliyojengwa chini ya usimamizi wa Charles Todd ikafuata nyayo hizohizo, ikakamilika Agosti 1872, kilomita kama 3,200 za nguzo na waya. Habari iliyochukua miezi kufika kutoka Uingereza kwa meli ikawa inafika kwa saa chache. Vituo vya simu vilijengwa juu ya maji, na hapo ndipo damu ilipoanza. Februari 1874 Wakaytetye, wenye nchi hiyo, walikishambulia kituo cha Barrow Creek, wafanyakazi wawili wa simu wakafa. Vikosi vya kulipiza kisasi vikazunguka nyikani na kuwaua Wakaytetye wengi, wakiwemo watu ambao hawakuwahi kukaribia kituo kile. Makaburi ya wale wawili yapo hadi leo pembeni ya jengo la mawe, yamejengewa. Barrow Creek hiyo ndiyo ncha moja ya kipande cha majaribio ya mwendo. Wengi wanaopita pale huijua kama mahali pa kujaza mafuta.

Barabara kamili ililetwa na vita. Reli ya kutoka kusini ilikuwa imeishia Alice Springs mwaka 1929, na ya kutoka kaskazini iliishia Birdum, katikati pakabaki kilomita kama elfu moja za njia ya vumbi. Mwaka 1940, kwa hofu ya Japani, mafundi wa barabara kutoka New South Wales, Queensland na South Australia waligawana kazi, wakajenga karibu kilomita 500 kati ya Tennant Creek na Birdum kwa siku 90. Darwin iliposhambuliwa kwa mabomu tarehe 19 Februari 1942, na watu zaidi ya 230 kuuawa, misururu ya malori ya jeshi ilikuwa na pa kupita. Kabla vita haijaisha, lami ilikuwa imetoka Alice Springs hadi Darwin. Upande wa kusini ulisubiri sana: sehemu ya South Australia ilikamilika kuwekwa lami mwaka 1987 tu, na kabla ya hapo mvua moja nzuri ilitosha kukukwamisha kwa siku nyingi.

Kwa hiyo watu wa huku wamekua na barabara iliyojengwa kwa dharura na kuachiwa wao. Wanaiita tu "Njia", kama vile hakuna nyingine. Serikali ilikuwa mbali, polisi mbali, na dereva alijiamulia. Hisia hiyo inapaswa kuheshimiwa unapowasikiliza watetezi wa mwendo huru. Wengi wao hawakuwa vijana wenye magari ya kifahari. Walikuwa wafugaji, mafundi na wauguzi wa vijijini, watu ambao kwenda dukani ni safari ya saa nne, na kwao kikomo cha 2007 kilionekana kama amri ya watu wa Sydney na Melbourne ambao hawajawahi kuuona upeo wa macho usio na nyumba hata moja.

Sasa hoja zao, maana zina uzito.

Ya kwanza ni uchovu. Kilomita 1,500 za barabara iliyonyooka humlaza mtu macho yakiwa wazi. Kwa wastani wa 130, Darwin hadi Alice Springs ni saa kumi na moja na nusu bila kusimama. Kwa 160 ni chini ya saa tisa na nusu. Wanasema dereva anayekwenda kwa kasi inayomlazimisha kuwa makini yuko salama kuliko anayesinzia kwenye mwendo aliopangiwa na mtu mwingine. Ya pili ni ile ya dereva wetu. Mwenye kulipita treni la barabarani kwa 180 anamaliza kwa sekunde tano na kitu, na anatumia chini ya mita 270 za upande wa wengine badala ya zaidi ya 500. Nimeipiga hesabu hii mara kadhaa nikitafuta kasoro, na kwa karatasi inasimama. Ya tatu ni kwamba mwendo huru haukuwa na maana ya kutokuwepo sheria. Kuendesha kwa hatari kulibaki kosa, na dereva alitakiwa kwenda kwa mwendo unaolingana na hali ya barabara, gari lake na uwezo wake. Kwa maneno yao, kibao cha namba kinamfundisha mtu kutazama dashibodi, kutokuwepo kwake kunamfundisha kutazama njia.

Ya nne ndiyo walioirudia zaidi: vifo. Baada ya kikomo kuwekwa mwaka 2007, vifo vya barabarani katika Northern Territory havikushuka, vilipanda, hadi kufika 75 mwaka 2008. Basi kikomo, wakauliza, kilisaidia nini? Na wakati wa majaribio walisisitiza kwamba hakuna aliyekufa katika kipande kile kwa sababu ya mwendo.

Upande wa pili, sauti iliyosikika zaidi ilikuwa ya madaktari wa upasuaji kupitia chuo chao cha kitaaluma cha Australia na New Zealand. Hawa hawakuwa na haja ya kubishana kuhusu hisia za uhuru. Waliongelea mwili wa binadamu. Nguvu ya mgongano hukua kwa kipeo cha pili cha mwendo, kwa hiyo gari lililo kwenye 180 lina karibu mara mbili ya nguvu ya lile lililo kwenye 130, ingawa namba kwenye dashibodi imeongezeka kidogo zaidi ya theluthi. Mbavu na mishipa ya moyo haijui kama dereva alikuwa hodari.

Kisha kuna kusimama. Chukua dereva mwenye akili timamu, matairi mazuri, lami kavu, sekunde moja na nusu ya kutambua na kukanyaga breki. Kwa 130 gari linasimama baada ya mita kama 150. Kwa 180 ni kama 250. Mchana kweupe hiyo ni sawa, unaona mbali. Lakini sehemu kubwa ya barabara hii haina uzio. Ng'ombe wa mashamba makubwa ya mifugo wanazurura, kangaruu wanatoka kwenye majani giza linapoanza kuingia, na yule tai mkubwa wa huku, akiwa amekula mzoga barabarani hadi akashiba, anahitaji muda kunyanyuka, na huwa ananyanyuka kuelekea kioo cha mbele. Usiku taa za gari la kawaida hazikuonyeshi mita 250. Kwa mwendo wa 180 unaendesha kuingia mahali ambapo bado hujapaona.

Watetezi huleta mfano wa Ujerumani, na hapa nasema wazi kwamba mfano haufai. Kule barabara za mwendo huru zina pande mbili zilizotenganishwa, uzio, na hakuna anayekuja mbele yako. Stuart, kwa karibu urefu wake wote, ni njia moja ya kwenda na moja ya kurudi, zimetenganishwa na rangi. Kilichobaki ni uaminifu wa mtu usiyemjua.

Mei 1994 palikuwa na tukio ambalo kila anayejadili jambo hili analijua. Yaliandaliwa mashindano ya magari ya kasi katika barabara hii, kuanzia Darwin. Gari moja aina ya Ferrari F40 lilipoteza mwelekeo na kuwagonga maofisa wa mashindano kwenye kituo cha ukaguzi. Walikufa wanne, wawili waliokuwa ndani ya gari na maofisa wawili waliokuwa kazini. Kwa siku zilizobaki waandaaji wenyewe waliweka kikomo cha 180. Gari lile lilikuwa miongoni mwa magari bora kabisa duniani wakati huo. Silitumii tukio hili kama ushahidi dhidi ya mfugaji mwenye gari lake la mizigo, ingekuwa kumwonea. Nalitaja kwa sababu ya wale maofisa wawili. Mjadala wa mwendo huru huzungumzia haki ya dereva kuchagua hatari yake, na wao walikuwa wamesimama pembeni.

Halafu uchovu. Hoja ni nzuri ukiisema kwa Darwin hadi Alice Springs yote, lakini kipande kilichofunguliwa 2014 kilikuwa kilomita 204 mwanzoni. Kwa 130 unakimaliza kwa dakika 94. Kwa 160, dakika kama 77. Umeokoa dakika kumi na saba. Dakika kumi na saba ni kusimama Ti Tree, kunyoosha miguu, kunywa chai na kuendelea, ambayo ndiyo dawa ya usingizi tunayoijua sote. Na treni la barabarani halipungui kuwa tatizo kwa kila mtu kukimbia zaidi, maana jicho la binadamu lililo kilomita moja haliwezi kutofautisha gari linalokuja kwa 110 na linalokuja kwa 190. Hesabu yangu ya sekunde tano inasimama kwenye karatasi kwa sababu kwenye karatasi nilijua mwendo wa anayekuja. Tatizo la kupita lina dawa nyingine inayojulikana: njia za ziada za kupitia kila baada ya kilomita kadhaa, ambazo humwezesha mwenye gari dogo kulipita lori bila kuingia kwa wenzake kabisa.

Kuhusu vifo, pande zote mbili zilitumia takwimu vibaya, na hilo linanikera zaidi ya yote. Northern Territory wakati ule ilikuwa na watu kama 220,000. Katika idadi ndogo hivyo, gari moja lililojaa watu likipinduka linabadilisha mwaka mzima. Ndiyo, vifo vilifika 75 mwaka 2008. Mwaka uliofuata, 2009, vilikuwa 31. Kikomo kilikuwa kilekile 130. Anayechukua 2008 kuonyesha kwamba kikomo kimeshindwa, na anayechukua 2009 kuonyesha kwamba kimefaulu, wote wanasoma bahati na kuiita sera. Kipande cha majaribio kilikuwa na magari machache na kilidumu chini ya miaka mitatu. Kutokufa mtu hapo kwa muda huo hakuthibitishi chochote, kama ambavyo kufa watu wawili kusingethibitisha kinyume chake. Serikali iliyoamua kwa takwimu hizo kuendeleza majaribio ilijidanganya, na waliosherehekea kila ajali kama ushindi wa hoja yao walikosa heshima.

Nikilazimishwa kuchagua, nipo upande wa 130, na sababu yangu kubwa ipo nje ya fizikia.

Kwa miaka mingi Waaborijini, wenyeji wa asili wa Australia, ambao si hata theluthi moja ya wakazi wa Northern Territory, wamekuwa karibu nusu ya wanaokufa barabarani humo. Wanakufaje? Ndani ya magari ya zamani yaliyojaza watu kupita viti vyake, sehemu kubwa bila mkanda. Kwa pombe, ya dereva au ya mtembea kwa miguu. Wakitembea usiku kandokando ya lami kutoka mjini kurudi kwenye makazi yao. Wengi wanakufa kwenye barabara za vumbi zinazotoka kwenye hii kuu, ambako hakuna gari linaloweza kufika 130 hata likisukumwa. Hapa watetezi wa mwendo huru walikuwa sahihi kabisa: kikomo hakikugusa sababu kubwa za vifo. Walichokosea ni hatua iliyofuata. Badala ya kusema basi tuzishughulikie hizo sababu, walisema basi tuondoe kikomo. Na waliorudisha kikomo mwaka 2016 walisherehekea kana kwamba kazi imekwisha.

Fikiria familia inayotoka kijijini kwenda Alice Springs kwa ajili ya mgonjwa wa kusafishwa damu. Usafiri wa umma ni haba mno. Gari ni moja, la mjomba, na watu ni tisa. Mtoto anakaa mapajani. Gari hilo linakwenda 80 kwa sababu haliwezi zaidi. Nyuma yake, mwaka 2015, anakuja mtu kihalali kabisa kwa 170. Tofauti ya mwendo kati yao ni mita 25 kila sekunde. Kwa mwenye gari jipya, mwendo huru ni uhuru. Kwa mjomba ni taa nyuma zinazokua haraka kuliko alivyozoea, kwenye nchi ambayo babu zake waliijua kwa miguu, kisima hadi kisima. Sheria ya barabara inapaswa kupimwa na aliye dhaifu zaidi juu yake, na katika mjadala wote huu mjomba hakuulizwa.

Ukipata ajali hapo, msaada unatoka mbali. Barrow Creek iko kama kilomita 280 kutoka hospitali ya Alice Springs, na aliyeumia sana husafirishwa tena kwa ndege hadi Adelaide. Huduma ya madaktari wa ndege ilianzishwa mwaka 1928 na mchungaji John Flynn, kwa sababu hiyo hasa ya umbali, na imeokoa watu wengi mno. Flynn alipofariki mwaka 1951, walioipenda kazi yake walitaka jiwe la kumkumbuka, wakalichukua jiwe kubwa la mviringo kutoka Karlu Karlu, yale majabali mekundu kando ya barabara kusini mwa Tennant Creek, wakalipeleka hadi kaburini kwake karibu na Alice Springs. Karlu Karlu ni mahali patakatifu. Wenyewe hawakuulizwa. Iliwachukua hadi mwaka 1999 kurudishiwa jiwe lao, na Waarrernte wa Alice Springs wakatoa jiwe lingine kutoka nchi yao likawekwa pale. Mwaka 2008 Karlu Karlu yenyewe ilirudishwa rasmi mikononi mwa wenyewe. Nimekisimulia kisa hiki kwa sababu hakuna mwovu ndani yake. Walikuwa watu wema waliokuwa na lori na barabara nzuri.

Waswahili tumezoea kusema ajali haina kinga. Wanaojenga barabara siku hizi hawakubali, na mimi nimeanza kuwaelewa. Kingo za lami zilizopanuliwa ni kinga, maana gari linaloteleza kwa usingizi linapata pa kurudia. Mistari ya matuta madogo inayonguruma chini ya tairi ni kinga. Mahali pa kupumzika penye kivuli na maji, mtandao wa simu usiokatika kwa kilomita mia, mikanda ya kutosha kila kiti, basi la kijijini linalofika kwa ratiba: kila kimoja kati ya hivi kingeokoa watu kwenye 130 na kingeokoa watu kwenye mwendo huru. Hakuna hata kimoja kilichopata kelele za bungeni kama ilivyopata ile namba.

Mwaka 1987, mwaka uleule lami ya kusini ilipokamilika, yalifanyika kwa mara ya kwanza mashindano ya magari ya nishati ya jua kutoka Darwin hadi Adelaide, na yanaendelea kufanyika. Gari lililoshinda mwaka ule lilivuka bara kwa wastani wa karibu kilomita 67 kwa saa. Madereva wake walipitwa na malori siku nzima. Wahandisi kutoka vyuo vya dunia nzima bado wanakuja kwenye barabara hii kuona namna ya kwenda mbali kwa kutumia kidogo, na wanaichagua kwa sifa zilezile zinazomvutia mpenda kasi: imenyooka, tambarare, jua kali, watu wachache.

Jambo moja la majaribio limebaki. Kabla ya kuondoa kikomo mwaka 2014, serikali ilikikagua kipande kile na kukifanyia matengenezo ili kiweze kubeba mwendo mkubwa. Vibao vya mwendo huru viling'olewa, matengenezo hayakung'olewa. Leo mjomba mwenye gari la 80 anapita juu ya lami iliyoandaliwa kwa ajili ya mtu wa 170.